Kuzunguka Kaskazini mwa Uingereza wikiendi moja na washikaji: jipangeni hivi

Wengi mmeniuliza habari ya safari ya kwenda mashambani na milimani huku kaskazini, hasa vijana mnaojiandaa kuja kusoma huku kwa Malkia (siku hizi ni kwa Mfalme, tangu 2022, ila mdomo haujazoea). Nimeona niandike mara moja yote ninayoyajua, mtu a-print akae nayo. Mimi nimefanya safari hiyo mara nne. Tatu zilikuwa tamu. Moja ilivunja urafiki, na hiyo nitaieleza vizuri maana ndiyo yenye somo.

1. WATU NA MKWANJA

Msizidi watano kwa gari dogo. Mkiwa wengi, leseni ya kawaida ya huku inaruhusu gari la abiria wanane na dereva wa tisa, zaidi ya hapo ni leseni nyingine. Pesa ikusanywe kabla ya kukodi chochote, tena kwa mtu mmoja mwenye daftari. Ile ya "nitakupa tukifika" imeua safari nyingi. Anayejitoa dakika za mwisho arudishiwe hela ya chakula tu, ya gari na malazi imeshaliwa. Mkubaliane hayo mapema mkiwa bado mnacheka.

Halafu wekeni akiba ya dharura. Sisi siku hizi kila mtu anaweka pauni 50 pembeni, isipotumika anarudishiwa Jumapili jioni.

2. GARI NA BIMA (hapa soma mara mbili!)

Habari njema ni kwamba huku wanaendesha kushoto kama nyumbani. Ukiwa na leseni ya Tanzania unaruhusiwa kuendesha kwa miezi 12 tangu uanze kuishi huku. Ikiisha, unaanza upya: unachukua leseni ya mwanafunzi na kufanya mtihani wao. Kampuni nyingi za kukodisha humtoza nyongeza dereva mwenye umri chini ya miaka 25, kwa hiyo ulizeni kwanza.

Sasa bima. Kwenye gari la kukodi, bima inamlinda dereva ambaye jina lake limeandikwa kwenye mkataba, BASI. Haijalishi mwenzake ana leseni safi ya miaka kumi. Kumwongeza dereva wa pili kuna gharama yake, na watu huiona hela ya kupoteza. Sisi tuliiona hivyo.

Ilikuwa Jumapili, tunarudi. Dereva wetu alikuwa hoi, ameendesha siku mbili. Jamaa mmoja akasema lete nikusaidie kidogo, ni barabara ya kijijini hakuna mtu. Kweli hakukuwa na mtu, ila kulikuwa na trekta kwenye kona. Jamaa akabana kushoto, ukuta wa mawe ukakwangua milango yote miwili na kung'oa kioo cha pembeni. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Lakini kampuni ilipogundua nani alikuwa kwenye usukani, bima ikaruka. Bili ikaja pauni 1,400. Wawili kati yetu wakasema aliyeendesha alipe. Yule jamaa alikuwa mwanafunzi anayefanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Alilipa peke yake zaidi ya nusu, kidogo kidogo kwa miezi mitano. Mimi nilichangia, ila nilichelewa, na nilikaa kimya siku ile walipomruka. Mpaka leo hatuongei kama zamani. Kuongeza jina lake kwenye mkataba kungetugharimu kama pauni 20 tu.

Tena tulibahatika hatukukutana na polisi. Kuendesha bila bima huku adhabu yake ya kuanzia ni faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni. Na kama umepata leseni ya huku ndani ya miaka miwili, ukifikisha pointi 6 leseni inafutwa, unarudi kwenye mtihani.

3. NJIA YENYEWE

Ijumaa jioni: Kutoka Leeds shika barabara ya A65, inapita Skipton na Settle mpaka Kendal. Leeds mpaka Keswick yote ni pungufu ya Dar–Morogoro, ila msidanganyike, barabara ni nyembamba na zina kona, hesabuni saa tatu na zaidi. Laleni Kendal au Ambleside.

Jumamosi: Hii ndiyo siku ya Lake District, hifadhi ya taifa tangu 1951 na urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2017. Barabara ya A591 inawapitisha Windermere, ziwa kubwa kuliko yote England. Waliotoka Mwanza watacheka, maana lina urefu wa kama kilomita 17 tu, kwa Victoria hiyo ni ghuba ndogo. Lakini uzuri wake ni ile milima inayolizunguka. Mbele kuna kijiji cha Grasmere, alikoishi mshairi Wordsworth kuanzia 1799. Malizieni Keswick, penye ziwa la Derwentwater na boti za kuzunguka. Mwenye pumzi apande Catbells, kilima cha mita 451, asiye mkwea milima anakiweza. Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote England, una mita 978. Ukilinganisha na Kilimanjaro ni mtoto, lakini msiudharau: ukungu ukishuka hamuonani, na watu hupotea.

Jumapili: Rudini kwa njia nyingine, kupitia Yorkshire Dales. Kutoka Kendal shika A684 mpaka Hawes, mji wa jibini ya Wensleydale, halafu B6255 mpaka Ribblehead. Pale kuna daraja la reli lenye matao 24 lililojengwa miaka ya 1870, limesimama peke yake kwenye nyika tupu. Mkiwa na muda, pitieni Malham Cove, jabali jeupe lenye kimo cha kama mita 80.

Mkiwa na siku ya tatu, pandeni mpaka Carlisle mkaone Ukuta wa Hadrian, ulioanza kujengwa na Warumi mwaka 122. Na hapa Mwafrika usipite tu: kijiji cha Burgh by Sands, magharibi ya Carlisle, kilikuwa ngome ya kikosi cha askari wa Kimoor kutoka Afrika Kaskazini, katika karne ya 3. Kwa hiyo mtu akikuuliza "umefikaje huku", mwambie tulitangulia. Ule mti maarufu wa Sycamore Gap msiutafute, ulikatwa usiku mmoja Septemba 2023, na wanaume wawili wakafungwa kwa kosa hilo 2025.

4. BARABARANI

- Vibao vyote ni vya maili, sio kilomita. 60 maana yake ni kama kilomita 96 kwa saa. Mijini kwa kawaida ni 30. Na 60 kwenye njia ya kijiji ni kikomo, sio lazima uifikie!
- Njia za gari moja zina sehemu za kupishana. Aliye karibu nayo ndiye anayesubiri. Ukipishwa, inua mkono ushukuru.
- Kondoo wanalala barabarani kama wako kwao. Kweli wako kwao.
- Hardknott Pass ina mwinuko wa karibu mita 1 kwa kila mita 3. Gari la kukodi lililojaa watu, achaneni nayo.
- Jazeni mafuta mjini. Mtandao wa simu unakatika mabondeni, pakueni ramani kabla.

5. HALI YA HEWA NA DHARURA

Seathwaite, karibu na Keswick, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Koti la mvua ni lazima hata Julai, na viatu vya kutembelea mjini viacheni. Juni jua linazama saa nne kasoro usiku, Desemba saa kumi kasoro jioni giza limeshaingia. Novemba 2021 dhoruba ya Arwen ilifungia wageni zaidi ya 60 siku tatu kwenye baa ya Tan Hill, iliyo juu kuliko baa zote Uingereza. Wale walikuwa na msosi na moto, nyie mkinaswa kwenye gari je?

Mkipata matatizo mlimani piga 999, omba polisi, halafu waokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea na hawalipishi.

6. MALAZI NA MSOSI

Hosteli za YHA ndizo nafuu, bukini mapema. Nyingi zina jiko la wageni, kwa hiyo bebeni mchele na viungo. Nyama ya halali nunueni kabla ya kutoka Leeds au Bradford, vijijini ni shida. Wenyeji watawatazama kidogo, halafu watawasalimia. Salimieni kwanza.

Mwisho, kabla hamjawasha gari, mwenye daftari awasomee wote kwa sauti: nani ataendesha, na jina lake liko kwenye mkataba? Kama kuna mmoja anayecheka cheka bila kujibu, shukeni mrudi dukani mkamwongeze. Mwenye swali au njia nyingine nzuri aimwage hapo chini, wengine wafaidike. Na wewe jamaa yangu, kama unasoma hii, safari ijayo nafasi yako ipo, na jina lako nitaliandikisha mimi.