Kutoka Timazi hadi Mtetemo: Historia ya Metronomu

Mwendo wa muziki, yaani kasi ya kufuatana kwa mapigo yake, huhitaji kipimo kilicho nje ya mwanamuziki mwenyewe, kwa kuwa anayefanya mazoezi huharakisha vipande vyepesi na kusitasita kwenye vigumu bila kujitambua. Historia ya metronomu, chombo kinachotoa kipimo hicho, kwa sehemu kubwa ni historia ya kutafuta mlango wa fahamu unaofaa kupitishia mapigo pasipo kuuvuruga muziki wenyewe.

Mlango wa kwanza ulikuwa macho. Mwaka 1696 Mfaransa Étienne Loulié alieleza kifaa chenye timazi, yaani kizito kilichoning'inia kwenye uzi, ambao ulirefushwa au kufupishwa kwa kuhamisha kigingi katika matundu 72. Kifaa hicho hakikutoa sauti, na kilikuwa kirefu kama mtu mzima, kwani mapigo 60 kwa dakika huhitaji uzi wa karibu mita 1, na mapigo 40 huhitaji uzi unaozidi mita 2. Si ajabu kwamba hata mwaka 1752 Johann Joachim Quantz, mpiga filimbi wa Ujerumani, alishauri mwendo ukadiriwe kwa mapigo ya mshipa wa mtu mwenye afya, ambayo aliyakadiria kuwa 80 kwa dakika.

Tatizo la urefu lilitatuliwa mjini Amsterdam mwaka 1814, pale Dietrich Winkel alipoweka uzito juu na chini ya egemeo la fimbo moja, hivi kwamba uzito wa juu ulipunguza nguvu ya ule wa chini na fimbo fupi ikaweza kubembea polepole. Johann Maelzel aliichukua mbinu hiyo, akaiongezea vipimo vya namba, akaipatia hataza kwa jina lake mwaka 1815, na miaka miwili baadaye Beethoven akachapisha namba za mwendo wa simfoni zake 8.

Kwa kuwa chombo hicho kilitoa mlio, mapigo yalihamia masikioni, mahali ambapo muziki nao hupita. Mpiga ngoma huufunika mlio huo kwa urahisi, na jukwaani hadhira ingeusikia. Ndiyo sababu katika karne ya 21 vikatokea vifaa vinavyovaliwa mkononi au kifuani, ambavyo ndani yake mota ndogo huzungusha kizito kilichoelemea upande mmoja na kuifanya ngozi ihisi mtetemo. Hata hivyo, mota huchelewa kidogo kufikia nguvu yake, kwa hiyo mwanzo wa pigo si mkali kama wa mlio, na mvaaji hulazimika kuuzoea, hasa katika mwendo wa kasi. Mlango wa fahamu umebadilika, lakini mapigo kwa dakika, kipimo alichokieneza Maelzel, ndiyo namba ambayo mvaaji huichagua hadi leo.