Evagrius na Vita vya Mawazo

Yusufu aliacha vazi lake mikononi mwa mke wa Potifa akatoka mbio. Kwa Wakristo wa karne za mwanzo habari hiyo ilikuwa kielelezo kikubwa cha namna mtu apaswavyo kushindana na ashiki: asisimame kujadiliana nayo, bali aikimbie. Shauri lenyewe si baya, na wengi limewaokoa. Walakini katika karne ya 4 palitokea mtu aliyelifuata barabara, akavuka bahari, akaingia jangwani, na huko jangwani akakuta kwamba kile alichokikimbia kilikuwa kimemtangulia kufika. Mtu huyo ni Evagrius wa Ponto.

Alizaliwa karibu na mwaka 345 katika mji wa Ibora, nchi ambayo leo ni kaskazini ya Uturuki. Baba yake alikuwa askofu wa vijijini. Basili wa Kaisaria alimfanya msomaji kanisani, na baada ya Basili kufa Gregori wa Nazianzo alimpa ushemasi. Mwaka 381, maaskofu walipokutana Konstantinopoli, Evagrius alikuwako, na katika mabishano ya dini ulimi wake uliogopwa. Alikuwa kijana mwenye elimu, mwenye mavazi mazuri, mwenye kusifiwa. Na mtu wa namna hiyo aghalabu hukaa karibu na shimo asijue.

Shimo lilikuwa mapenzi. Alimpenda mke wa mtu mkubwa wa serikali, na mwanamke naye akampenda. Palladius, mwanafunzi wake aliyeandika habari zake karibu na mwaka 420, asema kwamba Evagrius mwenyewe aliyasimulia mambo haya baadaye, moyo wake ulipokwisha kufunguliwa. Alitaka kujitenga asiweze. Ndipo usiku mmoja akaota kwamba amekamatwa na kufungwa minyororo, na malaika katika sura ya rafiki akamtaka aape juu ya Injili kwamba atauhama mji. Aliapa. Alipoamka alisema kwamba hata kama kiapo kilikuwa cha ndotoni, kiapo ni kiapo; akapakia vitu vyake akapanda merikebu kwenda Yerusalemu.

Jambo moja halina budi kusemwa hapa. Yule mwanamke hana jina katika kitabu. Twaambiwa kwamba alishika sana na kwamba alikuwa kama aliyerukwa na akili, kisha merikebu yang'oa nanga naye apotea. Kama naye aliomba usiku, kama naye aliapa, hapana aliyeona haja ya kuuliza. Maandishi ya watawa yana kasoro hii mara nyingi: mwanamke huwa ndiye jaribu, wala hahesabiwi kuwa mwenye kujaribiwa.

Huko Yerusalemu alipokewa na Melania, mjane tajiri wa Kirumi aliyekuwa na nyumba ya watawa katika Mlima wa Mizeituni. Ingedhaniwa kwamba vita vimekwisha. La. Bahari ilikuwa kati yake na mpenzi wake, lakini Evagrius alirudia mavazi yake ya fahari na majivuno yake ya zamani, moyo ukayumba kama chombo kisicho na usukani. Akashikwa na homa, waganga wasijue dawa yake, akalala muda wa miezi 6. Melania hakumpa dawa. Alimwambia kwamba ugonjwa huu si wa kawaida, akamtaka aseme kilichomo moyoni. Akasema yote. Melania akamwahidisha kushika utawa, na baada ya siku chache homa ikatoka. Yafaa kukumbuka kwamba mtu ambaye baadaye aliwafundisha watawa kutoficha mawazo yao, yeye mwenyewe alifunguliwa kinywa na mwanamke.

Basi akaenda Misri. Alikaa miaka 2 katika Nitria, kisha miaka 14 mahali palipoitwa Kellia, yaani Vijumba, katika jangwa lililo magharibi ya mdomo wa Nili. Watawa wa hapo waliishi kila mtu peke yake, wakakutana Jumamosi na Jumapili kwa sala na chakula. Evagrius alipata riziki yake kwa kunakili vitabu. Alikula ratili moja ya mkate kwa siku, na chupa ndogo ya mafuta ilimtosha miezi 3. Na tamaa? Ilikuwa pale pale. Palladius asimulia kwamba usiku mmoja wa kipupwe ilimsumbua hata akasimama uchi kisimani usiku kucha, mpaka mwili ukaganda kwa baridi.

Kisima ni kitu cha kustaajabisha, nao wasomaji wengi husimama hapo, wakasifu au wakacheka. Lakini kisima si ugunduzi wake. Watu wengi kabla yake waliutesa mwili. Ugunduzi wake ulikuwa huu: jangwani mwanamke hayupo, chakula ni haba, nguo ni ya kukwaruza ngozi, na bado mtu awaka moto. Basi moto huu wawashwa na nini? Evagrius alijibu kwamba wawashwa na mawazo. Mtu wa mjini hupigana na vitu, mtawa hupigana na sura za vitu zilizobaki kichwani, na vita vya pili ni vikali kuliko vya kwanza. Wazo kuja au kutokuja, alifundisha, si katika uwezo wetu. Katika uwezo wetu ni kulikaribisha likae au kulikataa.

Neno hilo ni jepesi kulisema, nalo lilibadili mambo mengi. Maana ikiwa wazo lenyewe si dhambi, mtu aweza kulitazama bila hofu na kulichunguza kama mganga achunguzavyo ugonjwa. Evagrius aliwaagiza watawa wayaangalie mawazo yao: lipi huja mara nyingi na lipi kwa nadra, lipi humfuata lipi, saa gani huzidi na saa gani hupungua. Aliyapanga yote katika jamii 8: ulafi, uasherati, kupenda mali, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kutaka sifa, na kiburi. Uasherati hausimami peke yake katika orodha hiyo. Nyuma yake upo ulafi ulioufungulia mlango. Na mbele yake, kwa aliyeushinda, zangoja sifa na kiburi. Aliona hata kwamba wazo la uasherati na wazo la kutaka sifa hupingana, kwa kuwa moja lamtia mtu aibu na la pili lamvika taji. Mtu aweza kulifukuza moja kwa jingine, kama msumari ung'oavyo msumari. Alijua vilevile kwamba anayeponywa tamaa kwa dawa ya majivuno amebadili bwana tu.

Kwa kazi hii aliandika kitabu kizima cha majibu. Kina sehemu 8, moja kwa kila wazo, na ndani yake maneno ya Biblia karibu 500, kila neno limewekwa mbele ya wazo linalolijibu. Kielelezo chake ni Yesu jangwani, aliyemjibu Shetani kwa Maandiko. Anayejibiwa si wazo linaloleta sura za kutamanisha tu. Yajibiwa pia yale yanayomwambia mtu kwamba hatashinda kamwe, heri aache. Haya ya pili ndiyo yaliyoangusha watu wengi zaidi. Kigiriki cha kitabu hicho kimepotea. Kimebaki katika tafsiri za Kisiria na Kiarmenia.

Neno la Kigiriki lililomo katika Sala ya Bwana lina maana mbili, kupimwa na kuvutwa. Kiswahili kimezigawa: Waprotestanti huomba wasitiwe majaribuni, Wakatoliki wasitiwe katika kishawishi. Watawa wa Misri walizishika zote mbili kwa mkono mmoja. Kuvutwa kulikuwa hatari, lakini asiyepata kuvutwa alikuwa hajapimwa, na asiyepimwa hana ajualo la kumfundisha mwenziwe.

Jambo hili laonekana wazi katika kisa alichokisimulia Yohana Cassian, aliyekaa na watawa wa Misri mwishoni mwa karne ya 4. Kijana mmoja aliteswa na tamaa akamwendea mzee fulani kutaka msaada. Mzee alimkemea vikali, akamwambia kwamba mtu mwenye mawazo kama hayo hastahili jina la mtawa. Kijana akakata tamaa, akashika njia ya mjini aende kuoa. Njiani akakutana na Baba Apolo, ambaye aliona uso wake akamwuliza hata akapata habari yote. Apolo hakumlaumu. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe, na uzee wake wote, alikuwa bado apigwa na mawazo hayo hayo, akamwomba arudi chumbani kwake siku moja tu. Kisha akaenda karibu na chumba cha yule mzee mkali, akamwomba Mungu aigeuze vita imwelekee mzee, apate kujifunza uzeeni alichokosa kujifunza ujanani. Haukupita muda mzee alitoka mbio kama mlevi, akashika njia ile ile ya mjini.

Kisa ni kizuri, lakini kina doa. Katika kisa hicho pepo anayempiga mzee kwa mishale aonekana kwa sura ya Mhabeshi mweusi, na katika maisha ya Mtakatifu Antoni yaliyoandikwa na Athanasius pepo wa uasherati ni mtoto mweusi. Walioandika hivi walikuwa wamepata kuishi katika Afrika. Hapana faida kulificha jambo hili wala kulipunguza kwa kusema kwamba rangi ni mfano tu. Mifano nayo huumiza watu.

Na ilimwumiza mtu mmoja anayejulikana. Musa, Mhabeshi aliyekuwa mtumwa kisha mkuu wa wanyang'anyi, aliingia utawa katika jangwa la Sketi. Tamaa ilimtesa sana hata akakaribia kuacha, akamwendea Baba Isidori. Isidori alimpandisha juu ya dari akamwonyesha upande wa magharibi jeshi la pepo wakifanya fujo, na upande wa mashariki jeshi la malaika, wengi zaidi kuliko wale. Musa akarudi chumbani kwake. Watawa wenziwe walipata hata kumtukana kwa rangi yake mbele ya watu, naye akanyamaza, ingawa alikiri baadaye kwamba moyoni alifadhaika. Mtu huyu alikuwa mmoja wa wakuu wa Sketi. Siku moja ndugu fulani alikosa, ikafanywa baraza ya kumhukumu, Musa akaitwa. Alikuja amebeba mtungi unaovuja, maji yakimwagika nyuma yake. Walipomwuliza maana yake, alijibu kwamba dhambi zake zamwagika nyuma asizione, naye ameitwa ahukumu kosa la mwingine. Ndugu yule akasamehewa.

Wanawake nao walikuwa jangwani, na kwa Mama Sara ile kasoro iliyotajwa juu yapata jibu. Yasemwa kwamba alipigana na tamaa ya mwili miaka 13, wala hakuomba hata mara moja vita iondolewe; aliomba nguvu tu. Pepo alipomwambia mwishoni kwamba ameshinda, alikataa sifa hiyo akampa Kristo. Kwa fundisho la Evagrius, hapo palikuwa na hatari mbili, naye alizipita zote mbili kwa jibu moja.

Cassian aliyachukua mafundisho haya mpaka Marseille, akaanzisha nyumba mbili za watawa, na katika miaka ya 420 akayaandika kwa Kilatini. Alipambanua kujizuia na usafi wa moyo: anayejizuia bado apigana na kitu akipendacho, mwenye usafi amekwisha kupenda kitu kingine. Alihesabu ngazi 6 za kupandia, na juu ya zote akaweka kwamba ushindi huu hutolewa na Mungu, haununuliwi kwa njaa. Jina la Evagrius hakulitaja popote.

Alikuwa na sababu. Evagrius alikufa mwaka 399, baada ya sikukuu ya Epifania, umri wake ukiwa kama miaka 54, tumbo likiwa limeharibika kwa ukali wa chakula chake. Alipokuwa karibu na kufa aliwaambia wenziwe kwamba huu ni mwaka wa tatu tangu tamaa ya mwili iache kumsumbua. Maana yake ni kwamba katika miaka 16 ya jangwani alipigana kama miaka 13. Punde askofu Theofilo wa Aleksandria aliwafukuza rafiki zake kwa tuhuma ya kumfuata Origene, na katika mwaka 553 jina la Evagrius mwenyewe lilitiwa katika hukumu hiyo. Vitabu vyake vingine viliachwa. Kitabu chake juu ya sala watawa wa Kigiriki hawakukubali kukiacha. Walikinakili karne baada ya karne, na juu yake waliandika jina la Nilus.