Vyakula vya Singida na sababu za kununuliwa

Singida, mkoa wa nyanda kame za katikati ya Tanzania, unajulikana kwa alizeti, kuku wa kienyeji, asali na vitunguu. Jina lake pekee huuza: Dar es Salaam hunadiwa "kuku wa Singida", na kando ya barabara kuu itokayo Dodoma abiria hununua mafuta ya alizeti kwa chupa na madumu.

Mnunuzi huvutwa kwanza na kujua chakula kilikotoka. Kwenye mashine ndogo za kukamua, mkulima hufika na gunia lake, akangoja, akaondoka na mafuta ya alizeti yake mwenyewe. Mashudu hulishwa mifugo. Mteja asiye na shamba huinua chupa juani atazame mashapo, kisha hufungua kizibo na kunusa.

Afya hufuata. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, mafuta ya mawese huganda chupani ilhali ya alizeti hubaki maji, na wengi huona hiyo ndiyo dalili ya mafuta yanayodhuru moyo. Hawako mbali na ukweli: karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayopandisha lehemu mwilini, wakati kwenye alizeti ni kama asilimia 11 tu. Ila sifa ya "hayana lehemu" si ya alizeti peke yake, kwani mafuta yote ya mimea karibu hayana.

Kwa kuku, neno la mwisho ni ladha. Wa kienyeji hukua kwa miezi kadhaa akijitafutia. Wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Nyama ngumu ya kuku wa kienyeji na mchuzi wake mzito humfanya mwenye wageni akubali bei ya juu.

Bei ya mafuta ya alizeti, hata hivyo, huwashinda wengi. Tanzania huagiza mafuta mengi ya kula, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia. Mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilipandisha ushuru hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa, ili kulinda alizeti. Ya nje yakiwa nafuu, mwenye kipato kidogo huyachukua.

Wapo pia wauzaji wanaochanganya mawese na alizeti. Mnunuzi atafute alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na achague dumu lililowekwa kivulini, kwa sababu jua huchachusha mafuta.