Mkono wa Nani? Maana ya "Manumission" na Maneno Jirani

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo leo ni nadra nje ya vitabu vya historia na sheria ni "manumission". Mfasiri akilitia katika kapu moja na "emancipation" na "abolition", akayaita yote "ukombozi", huwa ameficha swali lililo muhimu: ni nani aliyetoa uhuru huo?

"Manumission" limetokana na Kilatini: manus, mkono, na mittere, kuachilia. Katika Roma ya kale, bwana alimwacha huru mtumwa wake kwa hiari. Naye aliyeachwa alibaki na wajibu kwa bwana huyo. "Emancipation" nalo lina mkono ndani yake, ila mwanzoni lilihusu mtoto aliyetolewa katika mamlaka ya baba. Baadaye maana ilipanuka: tarehe 1 Januari 1863 Abraham Lincoln aliwatangazia uhuru watumwa wa majimbo ya Marekani yaliyoasi. Ama "abolition", hilo halimtaji mtu bali mfumo unaofutwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1833 iliufuta utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni yake; lakini fidia ya pauni milioni 20 walitengewa mabwana, si watumwa.

Kiswahili kina mpangilio wake. "Kuacha huru" hukaribia "manumission", kwani mtendaji ni bwana. "Kukomboa" hudai malipo: kitu kilichowekwa rehani hukombolewa, na mateka vilevile. Huko Zanzibar, amri ya mwaka 1897 iliondoa utambuzi wa utumwa mahakamani. Hata hivyo, mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake. Neno "uhuru", lililokuwa hadhi ya mtu mmoja mbele ya sheria, lilikuja kuwa neno la mataifa mazima. Kongo ilipata wake tarehe 30 Juni 1960.

Jina "Kingwana", walilopewa Waswahili wa mashariki ya Kongo kwa lugha yao, limetokana na "mwungwana", yaani mtu asiye mtumwa. Lakini wengi walioitwa wangwana katika misafara ya karne ya 19 walikuwa watumwa, au watu waliotoka utumwani. Hao hawakungoja mkono wa bwana wala wa sheria, walijitwalia jina. Kwa tendo hilo, Kiingereza hakina neno katika matatu yale.