Mtoto wa Jicho na Utando wa Seli za Lenzi

Huko Mandewa, mjini Singida, ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, maradhi ya macho yangali yakitajwa kwa majina ya zamani. Chamba ni utando mweupe juu ya jicho. Mtoto wa jicho ni weupe uliomo ndani, nyuma ya mboni. Kupambanua huku si jambo dogo. Waganga wa Kiyunani na wa Kiarabu walidhani kwamba weupe wa ndani ni maji yaliyoshuka mbele ya lenzi. Katika karne ya 11 Constantinus Africanus, akifasiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini, aliuita cataracta, yaani maporomoko. Ni mwaka 1705 tu ambapo Mfaransa Michel Brisseau, alipopasua jicho la askari aliyekufa, aliona kuwa lenzi yenyewe ndiyo iliyopata ukungu.

Kiswahili hakikutaja maji. “Mtoto” hapa yafaa asomwe kama katika “mtoto wa meza”: kitu kidogo kikaacho ndani ya kikubwa. Basi jina hili li karibu na kweli kuliko lile la Kilatini.

Taabu ilizuka elimu ilipoingia ndani ya seli. Mwaka 1984 Gorin na wenzake walieleza muundo wa protini iliyo nyingi kuliko zote katika utando wa nyuzi za lenzi ya ng’ombe. Peter Agre alipotambua mlango wa maji katika seli nyekundu za damu, mwaka 1992, ilidhihirika kuwa hizo ni za ukoo mmoja. Ile ya lenzi sasa huitwa akwaporini 0, na makao yake ni nyuzi. Seli za tabaka la mbele zina akwaporini 1. Konesini nazo zimegawana mahali: 43 mbele, 46 na 50 katika nyuzi. Nyuzi za katikati kabisa hufanyika kabla mtu hajazaliwa, wala hazibadilishwi, hata protini zake huzeeka pamoja naye. Kasoro ya kurithi katika akwaporini 0 huweza kumletea mtoto mchanga ukungu wa lenzi.

Sasa mfasiri akiandika “protini za utando wa lenzi”, msomaji wa Mandewa atafikiri chamba. “Ganda” halifai, kwa kuwa lenzi nzima ina ganda lake. Hapana budi kuandika “utando wa seli” kila mara, ijapokuwa sentensi itarefuka.