Mawakili wa Serikali na ardhi ya umma nchini Tanzania

Mawakili wa Serikali ni wanasheria watumishi wa umma wanaoishauri Serikali, kupekua mikataba yake na kuitetea mahakamani. Katika mambo ya ardhi kazi yao ina ugumu wa pekee, kwa kuwa ardhi yote ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anayeishtaki Serikali kwa ajili ya shamba lake, basi, anamshtaki mdhamini wake mwenyewe.

Ugumu huo ulidhihirika katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1994. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, iligawa mashamba ya watu. Miaka ya 1980 wenyewe wakaanza kuyadai mahakamani, na wapo walioshinda. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji hivyo, tena bila fidia. Mawakili wa Serikali walidai kwamba haki ya kimila si mali inayolindwa na Katiba. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake waliikataa hoja hiyo: ni mali chini ya ibara ya 24, na fidia haiishii kwenye nyumba na mazao, kwani hata jasho la kufyeka pori lina thamani. Miaka mitano baadaye Sheria ya Ardhi ikaagiza fidia kamili, ya haki na ya haraka.

Tangu 2018 utetezi mahakamani uko chini ya Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali. Marekebisho ya sheria ya 2020 yalitaka Mwanasheria Mkuu aunganishwe kwenye kesi hata inaposhtakiwa halmashauri, baada ya notisi ya siku 90. Kwa mwanakijiji mwenye mgogoro wa mpaka, huo ni mlima.

Kwenye madini, sheria ya 2017 kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili iliagiza migogoro iamuliwe na vyombo vya ndani. Mikataba ya uwekezaji ya zamani, hata hivyo, ilibaki na nguvu. Baada ya leseni za kuhodhi maeneo ya madini kufutwa, wawekezaji wakiongozwa na kampuni ya Indiana Resources walifungua shauri la usuluhishi wa kimataifa Washington na kushinda mwaka 2023; mwaka uliofuata Serikali ilikubali kulipa dola milioni 90.