Kengele ya Mhonda na Mlango wa Moyo



Wapendwa taifa la Mungu, anayesimama hapa Turiani na kuinua macho huiona milima ya Nguru. Chini ya milima hiyo, mwendo mfupi kutoka kwetu, ipo Mhonda. Wengi huitaja Mhonda kwa ajili ya chuo chake cha ualimu. Wazee wetu waliijua kwanza kama misioni, nayo ni ya zamani sana: ilianzishwa mwaka 1877, ikawa misioni ya kwanza ambayo Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliijenga bara baada ya ile ya Bagamoyo. Juma hili tunatafakari maana ya kumfungulia Mungu moyo katika sala, na tumeona vema turudi Mhonda, kwa sababu Wakristo wake wa kwanza walikuwa na sababu nyingi za kuufunga moyo.

Walikuwa ni akina nani? Mapadre hao walifika Zanzibar mwaka 1863, na mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakaanzisha misioni ya Bagamoyo. Biashara ya watumwa ilikuwa bado imeshamiri. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Wamisionari waliwakomboa watumwa kwa fedha, hasa watoto, wakawalea Bagamoyo, wakawafundisha dini, kilimo na kazi za mikono. Walipokua na kufunga ndoa, baadhi yao walipelekwa Mhonda wakawe mbegu ya kijiji cha Kikristo katikati ya Wanguru.

Hebu tufikiri kidogo juu ya vijana hao. Katika milima ya Nguru, kama ilivyo Uluguru, mtu hutambulika kwa ukoo wa mama yake. Zamani, shida ilipoingia nyumbani, mzee wa ukoo alikwenda kutambika. Aliwataja marehemu kwa majina yao, kisha akaeleza wazi kilichowasumbua walio hai: ugonjwa, ukame, ugomvi. Aliyechukuliwa utumwani angali mtoto hakuwa tena na mzee wa kumsemea, wala kaburi la kuliendea. Biashara ile ilimnyang'anya uhuru wake, ikamnyang'anya pia mahali pa kupelekea kilio chake. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyefundishwa kupiga ishara ya msalaba na kumwita Mungu Baba. Sisi tuliolizoea neno hilo tangu utotoni hatuna budi kulisikia upya. Aliyepotezewa baba alipewa ruhusa ya kumwita Muumba wa mbingu na nchi kwa jina la Baba, tena Baba Yetu, yaani pamoja na ndugu ambao hakuzaliwa nao.

Hata hivyo, historia hutudai ukweli wote. Maisha ya misioni yalipangwa kwa kengele. Kulikuwa na saa ya kuamka, saa ya sala, saa ya Misa, saa ya katekisimu na saa ya shamba. Wamisionari waliamini kwamba utaratibu huo ungewalea watu hao katika imani, na wengi wao walitoa maisha yao kwa kazi hiyo, wakafa kwa homa wangali vijana. Lakini waliokombolewa hawakuulizwa kama wanataka kuishi hivyo. Padre Paul Kollman, mwanahistoria wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, alichapisha mwaka 2005 kitabu juu ya uinjilishaji wa watumwa katika Afrika ya Mashariki. Ameonyesha humo kwamba wapo waliodumu na kuifanya imani kuwa yao, na wapo pia walioikimbia misioni.

Wapendwa, tusiwahukumu waliokimbia, wala tusiwadharau waliopiga kengele. Tujifunze tu jambo moja. Kengele yaweza kuuleta mwili kanisani, lakini moyo hufunguliwa na mwenyewe. Wamisionari waliweza kumkomboa mtu kwa fedha, kumpa nyumba, jembe na maneno ya sala. Kumfungulia Mungu moyo wake lilikuwa jambo lake peke yake. Hata Mungu aliyemwumba hamlazimishi.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha. Tunayo maneno mawili: kusali na kuomba. Neno sala lina asili ya Kiarabu, nalo linabeba maana ya ibada yenye saa zake na maneno yake yaliyopangwa. Kuomba ni neno la Kibantu. Mtoto huomba chakula, mgeni huomba maji, mwenye deni huomba siku zaidi. Anayeomba hukiri kwamba amepungukiwa. Mkristo huyahitaji yote mawili. Sala tuliyopokea hutuongoza siku ambazo moyo umekauka na hatuna la kusema. Bila kuomba, sala hiyo hubaki midomoni kama salamu tunayoitoa njiani bila kumtazama tunayemsalimu.

Twamkumbuka Hana, mama yake nabii Samweli. Alifika hekaluni na uchungu wa kukosa mtoto, akasali bila kutoa sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Hakuwa na maneno mazuri. Alikuwa na machozi, na machozi hayo aliyamimina mbele ya Bwana.

Pengine mtu atauliza: ikiwa Mungu anajua yote, kuna haja gani ya kumweleza? Mtakatifu Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo, aliandika Maungamo yake kati ya mwaka 397 na 400 hivi, na kitabu chote kinamweleza Mungu mambo ambayo Mungu aliyajua. Mgonjwa anayefika hospitali yetu ya Bwagala akakificha kidonda chini ya nguo, hata daktari akijua kwamba kipo, hawezi kukisafisha mpaka mgonjwa mwenyewe akubali kukifunua. Kadhalika tunamweleza Mungu ili tumpe nafasi ya kutugusa pale panapouma.

Kanisa nalo limeendelea kutufungulia njia. Kwa miaka mingi padre alisali Misa kwa Kilatini, na waamini wengi wakasali Rozari zao kimya. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za watu zitumike katika liturujia. Mwaka 1976 Maaskofu wa Afrika ya Mashariki wakaazimia kuujenga uhai wa Kanisa juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Leo mama wa Jumuiya hasubiri mzee wala padre amsemee. Husimama katika ua wa jirani akamwomba Mungu kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, na wote wakaitikia. Ila tujihadhari, maana tunajuana. Wapo wanaotumia maombi ya Jumuiya kumsema jirani, huku wamefumba macho. Huko ni kufungua kinywa, na moyo umebaki umefungwa kwa kufuli.

Basi, juma hili tufanye mambo mawili. Kwanza, kila jioni kabla ya kulala tuisali Baba Yetu polepole, tukitua kwenye neno lile la kwanza, kana kwamba tumelisikia leo. Pili, tumweleze Baba jambo moja ambalo hatujawahi kumweleza mtu yeyote: hofu, kinyongo, aibu au shukrani. Tusitafute maneno ya kanisani. Tuseme kama tunavyosema nyumbani.

Ee Baba, uliyewasikia waliokuja Mhonda wakiwa hawana ukoo, utusikie na sisi. Kengele za maisha zinatuita kila saa, nasi twaitikia kwa miguu tu. Utujalie leo tuitikie kwa moyo. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.